Ufundi wa Mwongoza Wageni Kanisani

Mwongoza wageni katika kanisa kuu ni fundi anayefanyia kazi vitu ambavyo hakuvitengeneza. Ukuta aliukuta, kengele aliikuta, hata kaburi lililo nyuma ya altare alilikuta limekwisha kufunikwa. Kilicho chake ni mpangilio: kipi kionwe kwanza, wageni wasimame wapi, lipi lisemwe na lipi liachwe. Akipanga vibaya, mgeni huondoka na rundo la tarehe ambazo zitamtoka kabla hajafika stendi. Akipanga vizuri, mgeni hutoka amewafahamu watu waliolijenga kanisa, waliolipigania na walioliachia watoto wao.

Kazi hiyo ina uwanja mpana katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, ingawa wengi wanaopita huko huwa njiani kwenda Rwanda, Burundi au, tangu mwaka 2019, Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Rulenge, katika nchi ya Washubi, ililipa jimbo Katoliki jina lake mwaka 1960. Mwaka 2008 jina hilo likawa Rulenge-Ngara. Murgwanza, karibu na mji wa Ngara, ndipo yalipo makao ya Dayosisi ya Kagera ya Kanisa Anglikana, iliyoanza mwaka 1985, na baadaye Biharamulo nayo ikapata dayosisi yake. Biharamulo mjini lingali limesimama boma la Wajerumani la mwanzoni mwa karne ya 20. Hata hivyo, kwa umri wa uaskofu majimbo na dayosisi hizi zote ni changa, na hakuna anayesafiri hadi Rulenge kwa ajili ya marumaru. Anayetaka kuutazama ufundi wa mwongoza wageni ukiwa umekomaa hana budi kuanzia pwani, kisha arudi bara na macho mapya.

Pwani, mahali pa kuanzia ni Mkunazini, Unguja. Kanisa Kuu la Kristo lilijengwa palipokuwa soko la watumwa. Mkataba wa Juni 1873 kati ya Sultani Barghash na Uingereza ulilifunga soko hilo. Siku ya Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi likawekwa, na ibada ya kwanza ikafanyika Krismasi ya 1877, jengo likiwa bado halijakamilika. Aliyeisukuma kazi alikuwa Edward Steere, askofu wa tatu wa misheni ya Kianglikana ya UMCA, mtu yuleyule aliyetafsiri sehemu kubwa ya Biblia kwa Kiswahili. Paa alilitaka liwe kuba refu la zege, saruji iliyochanganywa na matumbawe yaliyopondwa. Wapo waliotabiri kwamba lingeporomoka. Halijaporomoka.

Mwongozaji asiyejua kazi huyamwaga hayo yote mlangoni. Anayeijua hungoja. Huwapitisha wageni hadi upande wa kisima cha ubatizo, zilipo nguzo fupi za marumaru, kisha hunyamaza. Wageni hupiga picha, huzigusa, huanza kusogea mbele. Ndipo anapouliza kama wameona kitu chochote kisicho cha kawaida. Mara nyingi anayejibu kwanza ni mtoto: vichwa vya nguzo viko chini, na vitako viko juu. Kanisa lenyewe husimulia kwamba mafundi walizisimamisha hivyo Steere alipokuwa safarini, naye aliporudi akaziacha. Mgeni aliyeligundua jambo hilo kwa macho yake hatalisahau. Aliyeambiwa kabla ya kutazama atalichanganya na lingine. Ukimya ule wa dakika moja ndio sehemu ngumu kuliko zote katika kazi hii, na wengi hawauwezi.

Mbele ya altare sakafuni pana duara la marumaru nyeupe lililozungukwa na nyekundu. Masimulizi yanasema hapo ndipo uliposimama mti walipofungwa na kuchapwa viboko watumwa waliokuwa wakiuzwa. Ukutani uko msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, katika Zambia ya leo, ambako moyo wa David Livingstone ulizikwa mwaka 1873. Steere mwenyewe, aliyefariki mwaka 1882, amezikwa nyuma ya altare. Hapa mwongozaji hupimwa kwa namna anavyotenganisha maneno yake. Msalaba upo na asili yake imeandikwa. Mti wa viboko unasimuliwa. Maumivu ya waliouzwa hayahitaji kutiwa chumvi. Fundi mwaminifu husema wazi lipi ni la aina gani, na mgeni humwamini zaidi kwa sababu hiyo.

Uaminifu huo hujaribiwa vikali zaidi nje ya kanisa, katika vyumba viwili vilivyo chini ya jengo la Mtakatifu Monika. Dari ni fupi, mwanga hupenya kwa shida kupitia matundu membamba, na minyororo imewekwa pale kwa ajili ya kuonwa. Wageni wengi huambiwa kwamba watumwa walifungiwa humo wakingoja mnada. Baadhi ya wanahistoria wanalipinga hilo, kwa hoja kwamba jengo la juu ni la wamisionari na lilijengwa baada ya soko kufungwa. Mwongozaji mvivu huificha hoja hiyo akidhani itamharibia hadithi. Mwongozaji hodari huitoa, kisha huwaeleza wageni kwamba biashara yenyewe haina shaka yoyote: ilikuwa hapohapo juu, uwanjani, mchana, mbele za watu. Ukweli huo unatisha kuliko chumba cha giza, maana hakuna aliyejificha.

Makumbusho yanayoandamana na kanisa hilo, yaani maonesho ya historia ya biashara ya utumwa Afrika Mashariki, yalifunguliwa mwaka 2016 baada ya kazi kubwa ya kulikarabati kanisa iliyosaidiwa na World Monuments Fund na Umoja wa Ulaya. Yana mabango ya maelezo ya kutosha, na ndiyo sababu mwongozaji mzuri husema machache mno humo. Hutaja bango moja au mawili ya kusomwa kwa makini, kisha hukaa kando. Kurudia kwa sauti yaliyoandikwa ukutani ni kuwadharau wanaojua kusoma. Uani, kwenye sanamu za watu waliofungwa shingoni, kazi ya Clara Sörnäs ya miaka ya 1990, hana la kuongeza ila kueleza kwamba mnyororo ule ni wa kweli, wa enzi zile.

Bagamoyo ina funzo la aina nyingine. Misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu ilianza mwaka 1868, na makumbusho yake yamo katika nyumba ya zamani ya masista. Mwili wa Livingstone ulipitia hapo Februari 1874, ukiletwa na Chuma, Susi na wenzao waliotembea nao kutoka Chitambo. Ni rahisi kumfanya Livingstone shujaa wa ziara yote. Waongozaji wazuri wa Bagamoyo huwapa nafasi ya kwanza waliobeba.

Kurudi Rulenge na mafunzo hayo ni kukuta kazi ngumu zaidi, kwa kuwa jengo halimsaidii sana mwongozaji. Kinacholifanya kanisa kuwa kanisa kuu si ukubwa wala mnara, ni kiti cha askofu, na ziara ya Rulenge haina mahali pazuri pa kuanzia kuliko hapo. Askofu wa kwanza wa jimbo kwa jina hilo alikuwa Alfred Lanctôt wa Wamisionari wa Afrika, ambao wenyeji huwaita Mapadre Weupe. Aliyemfuata mwaka 1969, Christopher Mwoleka, aliongoza hadi 1996. Azimio la Arusha lilikuwa na miaka miwili tu Mwoleka alipopewa uaskofu, naye alilichukua kwa uzito ambao wanasiasa wengi hawakuufikia: alikwenda kuishi na wanakijiji katika kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga, akashika jembe nao. Kwake Utatu Mtakatifu ulikuwa kielelezo cha watu kuishi pamoja na kugawana walicho nacho. Mwongozaji anayesimama kando ya kiti na kueleza kwamba mwenye kiti hicho alipenda zaidi shamba amekwisha kulifafanua jimbo zima, na mgeni atataka kujua Nyabihanga iko upande gani.

Kitu cha pili kinachostahili kuoneshwa katika parokia yoyote kongwe ya Kikatoliki ni daftari la ubatizo. Halivutii kwa nje: jalada limechakaa, karatasi zimekuwa za rangi ya chai. Ndani, kila mstari una namba, jina la mbatizwa, majina ya baba na mama, jina la msimamizi, tarehe na saini ya padre. Pembeni huongezwa kipaimara, kisha ndoa, aliyefunga naye na mahali. Mtu mmoja anaweza kuonekana kwanza kama mtoto, kurasa za mbele akawa mzazi, mbele zaidi akawa msimamizi wa mjukuu wa jirani. Kwa familia nyingi za vijijini huo ndio ushahidi wa kwanza wa maandishi kwamba babu yao aliishi. Mwongozaji mwenye adabu huonesha ukurasa wa zamani sana, hufunika kwa mkono yanayowahusu walio hai, na hamruhusu mgeni kupiga picha.

Murgwanza huhitaji mpango tofauti, kwa sababu historia ya Waanglikana hapa haikai katika jengo moja. Imo katika hospitali, katika shule na katika uamsho. Mwishoni mwa miaka ya 1930 uamsho uliotoka Gahini, mashariki mwa Rwanda, ulifika Katoke na kusambaa: watu wakitubu hadharani, wakirudisha mali walizoiba, wakiimba Tukutendereza kwa Kiganda hata pale ambapo Kiganda hakikuwa lugha ya mtu. Mwongozaji wa eneo hili hana budi kuwa makini na ramani. Katoke ya uamsho, yenye chuo cha ualimu, iko upande wa Muleba. Katoke iliyo na seminari ya Kikatoliki, alikosoma John Magufuli miaka ya 1970, iko Biharamulo. Wageni huzichanganya, na baadhi ya waandishi pia.

Boma la Biharamulo si kanisa, lakini ziara inayoliruka ina pengo. Dini na dola viliingia nchi hii kwa kufuatana, mara nyingine kwa kugombana. Mwaka 1894, mwezi Mei, Mjerumani von Götzen alivuka Mto Kagera penye maporomoko ya Rusumo akiingia Rwanda. Karibu karne kamili baadaye, tarehe 28 na 29 Aprili 1994, daraja la hapohapo lilipitisha upande wa Ngara umati ambao shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa liliukadiria kuwa watu 250,000 kwa takribani saa 24. Benaco, wilayani Ngara, ikageuka mji wa mahema. Ndani ya umati huo walikuwamo waliokimbia kuuawa, waliokimbia vita, na waliokuwa wamekwisha kuua. Desemba 1996 kambi zilifungwa na wengi wakarudishwa kwao.

Hapa ndipo Mkunazini na Ngara hukutana. Mwongozaji wa kanisa lolote la Ngara anayepokea wageni kutoka Rwanda au Burundi anazungumzia mateso mbele ya watu ambao huenda waliyaonja, au ambao ndugu zao waliyatenda. Chumba cha chini hakipo, mnyororo haupo. Yapo makaburi, na wenyeji waliogawana maji na kuni mpaka misitu ikaisha. Kihangaza, lugha ya wenyeji wa Ngara, kinakaribiana sana na Kirundi, hivyo mgeni husikia hata lile ambalo mwongozaji alidhani ananong'onezana na mwenzake. Asiyejua kupima maneno ni heri akae kimya na kuwaacha wageni wakae kwenye mabenchi.

Ufundi huu haufunzwi kwa leseni peke yake. Leseni humtenganisha mwongozaji na papasi wa vichochoroni, nayo ina faida yake. Lakini lipi la kusema kando ya kiti cha Mwoleka haliko katika mtihani wowote. Liko kwa makatekista wastaafu, kwa waashi waliochoma tofali, kwa akina mama waliobeba mawe ya msingi kichwani. Aliyekuwa na miaka 20 Rulenge ilipolipa jimbo jina lake mwaka 1960 amekwisha kufika 85. Parokia za Ngara na Biharamulo zinazotaka kuwa na waongozaji wa kweli ziwatume vijana wao kwa wazee hao na daftari na kinasa sauti, mwaka huu.