Kuchagua Fimbo ya Muski Bila Kufilisika

Fimbo ya muski huvunjika mara chache sana ikiwa na muski. Huvunjwa na chambo kilichoizidi uzito, na mlango wa gari, na mvuvi aliyezungusha rili bila kutazama mpaka kifundo cha waya unaotangulia chambo kikagonga pete ya nchani. Ukiingia dukani ukilijua hilo, sehemu kubwa ya sifa anazopiga muuzaji hutazihitaji.

Muski, au muskellunge kwa jina lake kamili, ni samaki wa maji baridi wa Amerika Kaskazini. Yuko kwenye Maziwa Makuu ya huko, mto St. Lawrence, mto Ohio na sehemu za juu za Mississippi. Ni mrefu, mwembamba, mdomo umebapa kama wa bata lakini umejaa meno. Jimbo la Wisconsin limemfanya samaki wake rasmi tangu 1955. Rekodi ya dunia inayotambuliwa na IGFA, shirika la kimataifa la uvuvi wa michezo, ni ya Cal Johnson, aliyemvua wa ratili 67 na aunsi 8, karibu kilo 30 na nusu, katika ziwa Lac Courte Oreilles mwaka 1949. Kwa uzito, sangara mkubwa wa Ziwa Victoria angemcheka. Kwa ukaidi, sidhani.

Wavuvi wa huko humwita samaki wa mitupo elfu kumi, na ingawa idadi hiyo imetiwa chumvi, chumvi yenyewe si nyingi. Anaweza kukifuata chambo mpaka ubavuni mwa boti, akakutazama, akazama zake. Kwa hiyo kutwa nzima ni kutupa na kuvuta, kutupa na kuvuta. Kupambana na samaki mwenyewe, ukibahatika, ni suala la dakika chache. Hapo ndipo ninapotofautiana na wauzaji wengi. Fimbo ya muski ni chombo cha kutupia kwanza, cha kupigania baadaye. Anayeipima kwa kumuwaza samaki atatoka na mti usiopinda. Anayeipima kwa kukiwaza chambo ndiye atakayetoka na fimbo.

Nawafikiria hasa Wakenya, Watanzania na Wakongo waliojenga maisha Minnesota na majimbo ya jirani, ambao wengine wao walivua tangu utotoni. Aliyezoea mshipi wa mkono ana faida kubwa: anajua samaki anavyogusa. Ila aliyewahi kufanya kazi kwenye boti za Malindi au Watamu zinazofuata nduaro asidanganyike kwamba fimbo nene na fupi aliyoiona kule itafaa. Ile hukaa kwenye kishikio, boti ndiyo inayokokota chambo. Kwenye uvuvi huu boti imesimama, anayefanya kazi ni bega lako.

Basi tuanze na chambo. Juu kidogo ya mpini, kila fimbo huandikwa urefu, nguvu, uzito wa mshipi na uzito wa chambo. Wanunuzi wengi huangalia nguvu: H ni nzito, XH nzito zaidi, XXH nzito kupindukia. Herufi hizo hazina kipimo kimoja. Fimbo ya H ya kampuni moja inaweza kuwa ngumu kuliko XH ya kampuni nyingine, na hakuna anayevunja sheria kwa kuandika hivyo. Soma aunsi. Ukiona aunsi 3 hadi 8, ujue fimbo imekusudiwa vyambo vya kati ya gramu 85 na 227, na mara nyingi starehe yake halisi iko katikati, aunsi 4 hadi 6. Ukingo wa juu ni wa kustahimili, si wa kufurahia.

Vyambo vya muski vina tabia zake. Kuna vile vya kuzungusha, vyenye vibati viwili vikubwa vya namba 10 na nyuzi ndefu zinazometameta nyuma, mfano Double Cowgirl. Kwenye mizani si vizito sana, lakini ndani ya maji huvuta kama vimeshikwa na mtu. Fimbo isiyo na uti itabaki imepinda muda wote unaovuta, na samaki akigonga hutabakiwa na mpindo wa kumchoma ndoana. Kuna vya mbao, kama Suick, iliyoanza kutengenezwa Antigo, Wisconsin, tangu miaka ya 1930, ambavyo huvutwa kwa mishtuko. Hivyo hutaka ncha inayorudi upesi. Kuna vya mpira, kama Bull Dawg, na ndivyo vinavyoua fimbo za bei nafuu. Kuna toleo linaloitwa Pounder, la takriban ratili nzima, aunsi 16. Kukitupa chambo hicho kwa fimbo ya aunsi 8 kwa nguvu zote ni kuomba mlio ambao hutausahau. Mnunuzi mwenye fimbo moja aachane kabisa na vyambo vya ratili. Samaki huvuliwa kwa vidogo pia.

Kuhusu urefu, mambo yamebadilika. Zamani fimbo za muski zilikuwa fupi, futi 6 na nusu au 7, ngumu kweli kweli. Leo futi 8 na nusu mpaka 9 na nusu ndizo za kawaida, na sababu yake si kutupa mbali tu. Muski wengi hugonga ubavuni mwa boti. Chambo kikikaribia, mvuvi huacha waya na mshipi kidogo nje ya ncha, huzamisha ncha majini, kisha huchora namba nane: kona pana, mstari, kona pana upande wa pili. Muski wa zaidi ya mita moja hawezi kugeuka kwenye kona ya karai. Fimbo fupi huchora kona ya karai. Fimbo ya futi 9 huchora kona ambayo samaki anaweza kuifuata akiwa amefungua mdomo, na akigonga hapo, mshipi ulio nje ni mfupi mno kunyumbuka. Kinachobaki kupokea kishindo ni mpindo wa fimbo na breki ya rili. Mtu mfupi anaweza kuchukua ya futi 8 na nusu bila aibu. Chini ya 8, kwa kazi hii, sinunui.

Tatizo la futi 9 ni gari. Ndiyo maana fimbo nyingi za muski zina mwili unaoingia ndani ya mpini na kuzipunguzia urefu. Si kasoro, ila ni mahali pa kukagua. Ivute mpaka mwisho, izungushe ikaze, kisha itikise karibu na sikio. Ikilia tik-tik ukiwa dukani, ziwani italia zaidi. Pangilia pete za juu na kiti cha rili; kama haziwezi kukaa mstari mmoja huku kiungo kimekaza, irudishe.

Sasa malighafi. Fimbo ya dola 350 na ya dola 130 zote zinaweza kumleta muski yule yule. Tofauti kubwa unayoilipia ni wepesi: nyuzi za kaboni za daraja la juu hutoa ugumu mwingi kwa uzito mdogo. Wepesi huo una gharama yake, kwa sababu kuta za fimbo ni nyembamba na hazipendi kugongwa. Chambo cha aunsi 6 kikining'inia na kupigapiga ubavu wa fimbo njiani huacha jeraha dogo usiloliona, na fimbo hukatika hapo wiki nyingine, ukiwa unatupa tu. Fimbo za bei ya chini mara nyingi hutumia kaboni ya kawaida, au kaboni iliyochanganywa na faiba ile ile wanayoundia boti. Huwa nzito kidogo na nene kidogo, lakini husamehe. Kwa anayeanza, naona huo ni ununuzi wenye akili kuliko wa mwenzake aliyekopa.

Uzito peke yake usikutishe. Kinachochosha ni ncha inayoelemea mbele. Ndiyo sababu inafaa kwenda dukani na rili yako, ya ukubwa wa 300 au 400. Ifunge, shika kama unavyovua, nyoosha mkono. Ikikuvuta kifundo kuelekea sakafuni kabla hata muuzaji hajamaliza sentensi, fikiria saa sita za hali hiyo.

Mpini wa nyuma uwe mrefu kiasi cha kushika kwa mikono miwili ukitupa, na uweze kuingia chini ya kwapa ukivuta. Ukizidi, utanasa kwenye jaketi la kujiokolea pale pale unapochora namba nane, wakati mbaya kuliko wote. Koki au sponji ni suala la mapenzi. Koki ya bei nafuu mara nyingi imejazwa unga kufunika mashimo, na unga huo huanguka baada ya msimu mmoja. Sponji ngumu haina ujanja huo. Kiti cha rili ukikague kwa ukali zaidi. Kaza nati, shika rili, izungushe kushoto na kulia kwa nguvu. Isogee hata kidogo? Hapana, hata unywele.

Pete ndizo zinazoeleza ukweli wa fimbo nafuu. Mshipi wa muski ni wa kusuka, ratili 80 au 100, na mshipi huo ni msumeno kwa pete dhaifu. Chukua kijiti cha pamba ya masikio, kizungushe ndani ya kila pete. Pamba ikinasa, kuna ufa. Anza na ya nchani, ambayo hupigwa kuliko zote. Tazama miguu ya pete: nyuzi zimefungwa sawa, gundi imefunika zote, haina mapovu wala sehemu iliyoachwa wazi. Kisha weka jicho nyuma ya mpini na uangalie fimbo nzima kama seremala anavyoangalia ubao. Pete iliyopinda kidogo si mwisho wa dunia kwa fimbo ya bei hiyo. Mwili uliopinda, ndiyo.

Jaribio la mwisho wanalikosea wengi: wanaishika ncha kwa mkono na kuikunja mpaka chini. Hivyo unaweza kuvunja hata fimbo njema, kwa kuwa unaulazimisha mpindo kwenye inchi chache. Omba upitishe mshipi kwenye pete, ufunge chambo unachokusudia kutumia, ndoana zikiwa zimetolewa. Inua polepole. Ncha ipinde kwa heshima, katikati ianze kushiriki, theluthi ya chini isitikisike. Chambo kikiivuta fimbo mpaka karibu na mpini, si yake. Ncha isipojali kabisa, utatupa kwa bega badala ya fimbo, na jioni utalijua bega hilo.

Kwa majina, kuna fimbo za bei ya wastani zinazostahili kushikwa kabla ya kuamua: Okuma EVX, Daiwa Prorex, Shimano Compre, na kwa anayeweza kupanda kidogo, Mojo Musky ya St. Croix, kampuni ya Park Falls, Wisconsin. Sitakuchagulia, kwa sababu ndani ya jina moja kuna fimbo kumi tofauti. Rudi kwenye aunsi na futi. Soma dhamana pia, hasa kipengele cha nani analipia usafirishaji, maana kutuma kitu cha futi 9 kunaweza kula sehemu kubwa ya bei ya fimbo yenyewe. Msimu wa kununua ni kabla ya msimu wa kuvua. Maonyesho ya zana za muski huko Chicago, Milwaukee na Minnesota hufanyika wakati maziwa bado yana barafu au ndiyo kwanza inayeyuka, na hapo unaweza kuzishika nyingi ndani ya saa moja. Fimbo iliyotumika nayo ni nzuri, mradi uikague mwili mzima kwa kucha, polepole, ukitafuta mkwaruzo wenye kina.

Unafuu una mpaka wake. Nguvu ya fimbo haikulindi wewe tu. Samaki anayevutwa muda mrefu kwa zana dhaifu huchoka kiasi cha kufa hata akiachiwa, hasa maji yakiwa na joto la kufikia nyuzi 27 za Selsiasi, joto ambalo wavuvi makini huacha kumvua kabisa. Minnesota inataka muski afike inchi 54 kabla ya kumchukua katika maziwa mengi, yaani karibu wote wanarudishwa majini. Utahitaji wavu mkubwa wa kumweka ndani ya maji unapomtoa ndoana, koleo ndefu, na mkasi wa kukatia ndoana za chuma. Kwa hiyo hesabu yangu ni hii: fimbo ya H, futi 8 na nusu au 9, aunsi 3 hadi 8, kwa dola 100 hadi 150. Na kama mfuko haukuruhusu fimbo ya gharama pamoja na wavu, chukua fimbo ya chini na ununue wavu.