Mui: Neno Moja, Maana Mbili

Katika Kiamu, lahaja ya Lamu, mui ni mji. Katika lugha ya kale ya ushairi, mui ni mtu mwovu pia. Sarufi huzitenga maana hizo: mui huu ni mji, mui huyu ni mwovu. Lakini kimilikishi hakizitengi. Mshairi akisema "mui wetu", msikilizaji hubaki njia panda mpaka kitenzi kije: umeangamia, au ameangamia? Kwa tungo za kuomboleza miji, utata huo ni hazina.

Tangu kuundwa kwa Kamati ya Lugha mwaka 1930 kusimamia Kiswahili sanifu, chenye msingi wa Kiunguja, wapo wahariri wanaoandika mji kila waonapo mui. Mizani haipungui, kwani yote mawili yana silabi mbili. Ndiyo maana hasara haionekani upesi. Kinachokufa ni kina: mui huitikiana na adui na hatambui, mji hauitikiani nayo. Na yule mwovu aliyejificha ndani ya mji hutoweka.

Neno liachwe mahali pake, maelezo yawekwe chini ya ukurasa. Msomaji wa Unguja hapungukiwi kwa kujifunza neno la nduguze.