Kuchagua Dago Katika Mwambao wa Tanga

Kuanzia Jasini kwenye mpaka wa Kenya hadi Saadani, mwambao wetu una fukwe nyingi za kupendeza macho na chache za kulala. Wanaoijua tofauti hiyo vizuri kuliko wote ni wavuvi wa dago, yaani wa kambi za muda. Hawa huhama na upepo na samaki: huacha kwao kwa majuma au miezi, wakapiga vibanda vya makuti kisiwani au kwenye ufuko wa kijiji kingine, wakavua, wakakausha samaki, kisha wakarudi. Siku hizi wako pia watu wa mahema, wanafunzi, na familia zinazotoka Tanga mjini na Dar es Salaam kwenda kulala Ushongo au Kigombe. Hema na banda la makuti havifanani, lakini bahari haijali, na mwenye hema atafanya vyema akijifunza kwa mvuvi.

Mgeni hulipima dago kwa saa aliyofika: jua linazama, mchanga mweupe, maji yako mbali. Mzoefu hulipima kwa saa kumi za usiku wa bamvua, upepo ukiwa umegeuka na mvua imenyesha Usambara. Dago likifaulu mtihani huo, ni dago. Lisipofaulu, ni mahali pa kupiga picha.

Basi anza na maji. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama, na tena baada ya mwezi kuwa mpevu. Siku hizo tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa hupita mita 3, na katika bamvua kubwa za karibu na Machi na Septemba hukaribia mita 4. Hilo wengi wanalijua. Wasilolitia akilini ni saa. Kwetu maji ya bamvua hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alasiri na kabla ya alfajiri. Maana yake ni kwamba maji makubwa kuliko yote hukujia mara moja ukiwa macho na mara nyingine ukiwa katikati ya usingizi. Maji mafu, kwa upande wake, hujaa kama saa nne na hayapandi mbali. Anayefika siku ya maji mafu akakusudia kukaa wiki nzima anapima ufuko ambao baada ya siku saba utakuwa umefunikwa.

Mstari wa maji husomwa kwa miguu, si kwa macho ya mbali. Tembea kutoka majini ukielekea juu. Kwanza utakuta majani ya bahari mabichi, meusi, yenye chawa wa pwani wanaorukaruka. Hayo ni maji ya leo. Endelea. Hatua kadhaa juu yake kuna mstari mwingine: majani yaliyokauka yakawa ya kijivu na kuvunjika ukiyakanyaga, mbegu ndefu za mikoko, vipande vya kamba za nyavu, chupa za plastiki, kandambili moja isiyo na mwenzake. Hapo ndipo ilipofika bamvua iliyopita. Wengi huishia hapo wakapiga hema hatua mbili juu. Usiishie hapo. Tafuta mstari wa tatu, ambao mara nyingi umejificha ndani ya nyasi: gogo zee lililopauka, lililozama nusu mchangani, au mchanga ulioganda ukoko wa chumvi. Hiyo ni bamvua kubwa ya mwaka, iliyosukumwa na upepo. Juu ya gogo hilo, pale ambapo mimea itambaayo yenye maua ya zambarau imeshika mchanga na kuacha mizizi minene, ndipo palipo salama. Mmea haukai miaka mahali ambapo maji ya chumvi yanaukosha kila mwezi. Bado una shaka? Chimba kwa mkono mpaka kwenye kiwiko. Ukikuta mchanga mkavu unaomwagika, lala. Ukikuta mchanga baridi uliolowa, panda juu zaidi.

Miti nayo ina habari. Mvinje ni rafiki mzuri: kivuli chake ni chepesi, hupitisha upepo, na majani yake membamba yaliyoanguka hufanya tandiko kavu. Lakini mvinje ulioinama kuelekea baharini huku mizizi imetoka nje unakwambia kwamba ufuko huo unaliwa. Mnazi usilale chini yake hata siku moja, hata kama kuti lake linakuita. Nazi iliyokauka huanguka bila upepo, na dafu halina habari na kichwa cha mtu.

Kwa anayetaka kuona ufuko unavyoweza kuliwa, Maziwe iko pale, karibu na mdomo wa mto Pangani. Kisiwa hicho kilikuwa na miti ya mivinje, na kasa walikipanda kutaga. Kilifanywa eneo tengefu la bahari mwaka 1975. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 miti yote ilikuwa imekwisha, na leo Maziwe ni fungu la mchanga ambalo maji makubwa hulifunika. Mchana ni mahali pa ajabu, na matumbawe yake yanastahili safari. Usiku si mahali pa mtu. Naitaja kwa sababu kila msimu yupo anayeiona maji yamekupwa, mchanga umekauka kama unga, akauliza kama anaweza kulala.

Baada ya maji, tazama chombo. Hapa ndipo wavuvi wanapotuacha mbali sisi watu wa mahema, kwa kuwa wao hutafuta diko, yaani mahali pa kuegesha chombo, kwanza na mahali pa kulala baadaye. Diko zuri lina mlango ulio wazi kati ya miamba, mchanga chini badala ya mawe, na maji ya kutosha hata yakiwa yamekupwa. Pwani yetu ina mabwawa mapana ya mwamba ambayo siku za bamvua hukauka kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Ngalawa iliyofungwa ndani hupwelewa hapo, na haitoki mpaka maji yarudi. Hilo si tatizo la uvuvi tu. Mtoto akipandwa na homa saa nne ya usiku mkiwa kisiwani, diko lililokauka limewafungia mpaka karibu na alfajiri. Kwa kisiwa, mimi nadai diko lenye maji saa zote, au sivyo ninapita.

Upepo una misimu yake, na dago vilevile. Kusi huvuma toka Aprili au Mei mpaka Oktoba hivi, na nguvu zake ni katikati ya mwaka. Wakati huo kaa upande wa kaskazini wa kisiwa au nyuma ya rasi inayokinga kusini. Kaskazi ikishika, kuanzia Desemba mpaka Machi, geuza hesabu. Upande wa magharibi wa visiwa vyetu hukingwa dhidi ya pepo zote mbili, lakini huko ndiko kwenye mikoko, tope na usubi, na usiku mmoja wa usubi unatosha kumfanya mtu mzima atamani kusi. Ndiyo maana dago la mwaka mzima ni adimu, na mvuvi akikwambia mahali fulani ni pazuri, muulize ni pazuri wakati gani. Katika tangambili, upepo unapobadilika, ufuko ule ule unaweza kuwa kimya jioni na kupigwa mawimbi alfajiri.

Usubi wenyewe hukaa karibu na tope na majani yaliyooza, na hupenda hewa iliyotulia. Mahali palipoinuka kidogo, penye upepo, pana thamani kuliko kivuli kizito. Moshi wa makumbi ya nazi husaidia sana. Yawashwe upande unaotoka upepo, mbali na hema. Mikoko usiikate kwa kuni. Ni miti inayolindwa kisheria, na ndiyo inayoushika mwambao huu usiende.

Maji ya kunywa ndiyo yanayotofautisha dago la usiku mmoja na dago la mwezi. Chini ya mchanga wa pwani, maji baridi ya mvua hukaa juu ya maji ya chumvi bila kuchanganyika upesi, kwa sababu ni mepesi. Fundi wa kisima huchimba nyuma ya tuta la mchanga, mbali na mstari wa bahari, na anaposikia mchanga umelowa hupunguza kasi. Maji yakianza kuchuruzika chini, anaacha kuchimba. Anayeendelea ili apate kisima kirefu huitoboa ile tabaka nyembamba na kupata chumvi. Kisha fundi huteka kwa kata, polepole, akikipa kisima nafasi ya kujaa. Ndoo nyingi kwa mara moja huivuta chumvi juu. Yaonje mara mbili, maji ya bahari yakiwa yamekupwa na yakiwa yamejaa. Yakibaki matamu mara zote mbili, umepata. Bado uyachemshe. Na choo kiwe mbali kabisa na kisima, upande wa chini, kwa maana kipindupindu huingia kambini kwa njia hiyo.

Kuna hatari nyingine, mafuriko ya mito, ambayo mtu wa baharini huisahau kwa kuwa anatazama baharini. Sigi na Mkulumuzi zinaingia baharini karibu na Tanga mjini, na Sigi huanzia kwenye misitu ya Usambara Mashariki, ambako Amani hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Kusini zaidi, Msangazi huteremka kutoka bara. Mvua inaweza kunyesha huko juu usiku kucha huku pwani nyota zinameta. Mkondo mkavu wenye mchanga laini, uliokingwa pande zote mbili, unavutia sana kulala. Ni sawasawa na kutandika mkeka barabarani kwa kuwa hakuna gari saa hiyo. Tazama takataka zilizonasa kwenye matawi ya kando: zikiwa juu ya kiuno chako, ondoka.

Kuhusu Saadani sina mengi. Ilipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na tembo na simba wake hushuka mpaka ufukoni. Mto Wami una viboko na mamba. Ndani ya hifadhi huchagui mwenyewe. Lala palipotengwa na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, basi. Vivyo hivyo katika Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyotangazwa mwaka 2009, yenye visiwa vya Toten, Yambe na Karange: ruhusa kwanza, hema baadaye.

Mahali pengine kote, ufuko una wenyewe hata kama humwoni mtu. Ule msitu wa minazi ni shamba la fulani. Pale penye mawe yaliyopangwa ni kaburi. Pwani hii ina makaburi ya kale mengi, na Tongoni, kama kilomita 17 kusini mwa Tanga, si magofu ya pekee yaliyomo vichakani. Pengine ni mzimu, na watu wa hapo hawatapenda ukojoe karibu yake. Piga hodi kijijini, uonane na mwenyekiti au mtendaji, na kikundi cha usimamizi wa fukwe (BMU) kama kipo. Si kwa heshima tu. Huko ndiko iliko elimu yote niliyoieleza hapa, tena ya mahali penyewe. Nampenda zaidi bibi anayechokoa pweza, kwa sababu yeye huusoma ufuko kwa miguu kila bamvua. Muulize hivi: "Shikamoo bibi. Bamvua kubwa ya masika, maji huishia wapi hapa?" Hatakujibu kwa mita. Atanyoosha kile kijiti chake cha pweza kwenye mti fulani, na mara nyingi mti huo uko juu zaidi ya mahali ulipokuwa umeshaweka mzigo. Uhamishe.

Ukinitaka nitoe hukumu: kwa familia na mtu wa mara ya kwanza, Ushongo na Kigombe, kwa kuwa kijiji kiko karibu na mwenyeji wa kumwuliza hakosekani. Kwa mwenye chombo na nahodha wa hapo hapo, visiwa vya upande wa Mkinga wakati kusi imekwisha na kaskazi haijakaza. Kwa Maziwe, rudi bara kabla ya maji kujaa.

Ombi moja kwa kila atakayekwenda. Kasa hupanda fukwe hizi kutaga usiku, na makinda hutoka baada ya miezi miwili hivi, yakifuata mwanga wa bahari. Taa ya kambi huyavuta kuelekea nchi kavu, na shimo lililoachwa wazi huyanasa mpaka jua liyaue. Zima taa unapolala, fukia kisima na shimo la moto, na mchanga uusawazishe kwa mguu kabla hujapanda chomboni.