Mwalimu wa Jumapili na Simu ya Mama

Mwalimu wa shule ya Jumapili kwa kawaida halipwi, na mara nyingi hana hata darasa. Hufundishia chini ya mti au nyuma ya jengo, wa miaka minne na wa kumi na miwili wakibanana benchi moja. Kwa hiyo waliyoyafanya wengi wao nchini Kenya mwaka 2020 yanastahili pongezi. Makanisa yaliyokuwa yamefungwa kwa sababu ya korona yalipofunguliwa Julai, walio chini ya miaka 13 hawakuruhusiwa kuingia. Mwalimu akahamia WhatsApp: sauti ya dakika tatu, kisa cha Daudi, kisha kazi ya kuchora, na picha za michoro zikirudi usiku mama akishafika nyumbani na simu.

Wapo wanaosema skrini imeshawameza watoto vya kutosha, kanisa lisiongeze. Hoja hiyo ina uzito, ila inasahau kazi hii ilivyoanza. Robert Raikes alipofungua shule yake ya Jumapili Gloucester, Uingereza, mwaka 1780, waliofundishwa kusoma walikuwa watoto waliofanya kazi siku nyingine zote za wiki. Jumapili ndiyo siku waliyokuwa nayo, naye akaifuata, kama mwalimu wa 2020 alivyoifuata simu ya mama. Bando nalo, kweli, si la kila nyumba (wanaosifu teknolojia hupenda kuliruka hilo). Hapo ndipo mwalimu mwema hujulikana, sasa watoto wamerudi kanisani: kisa kilichotumwa Jumamosi hukisimulia upya Jumapili, polepole, kwa yule ambaye simu ya kwao ni mulika mwizi.