Kritiki: namba ikijaa haipige kelele

Bandugu, tuanze ku shamba. Mahindi ikipandwa ku 75 cm kwa 25 cm, hekta moja inabeba miche 53 333. Hekta mbili ni 106 666. Sasa weka jibu ile mu nafasi ya biti 16, ambayo mwisho wake ni 65 535. Mashini haitalalamika. Itaandika 41 130! Hekta mbili zina miche kidogo kuliko moja. Namba ilijaa, ikaanza tena ku zero.

Kosa ya namna hii iliingia mpaka mu Linux. Programu ikitaka kuongea na rezo inafungua soketi, yaani mlango wake. Kisha inaomba kerneli, moyo wa mfumo, ipange mlango ule kupitia setsockopt. Inaleta data, na inasema yenyewe urefu wa data ile. Njo hapa shida inaanza: kipimo kinatoka kwa muombaji.

Mu Linux 2.4.25 na zilizotangulia, sehemu ya protokoli SCTP ilichukua urefu ule, ikaongeza 1, ikaomba memori. Mtu akiandika -1? Jumla ni 0, hakuna nafasi inayotengwa. Lakini wakati wa kunakili, -1 ileile inasomwa kama namba kubwa ajabu. Ni kumwaga gunia nzima mu kikombe kisichokuwako. Kwa kosa ile (CVE-2004-2013), mwenye konti ya kawaida aliweza kuendesha programu yake ndani ya kerneli, na mashini yote ikawa yake. Mwaka uleule wa 2004, opsheni MCAST_MSFILTER ilikutwa pia na namba inayojaa.

Batu wengi wanasema dawa ni kutumia biti 64. Mimi sikubali. Kupanua kikombe kunasaidia, lakini -1 + 1 inabaki 0 hata mu biti 64. Wengine wanazidisha kisha kupima. Wamechelewa: 41 130 iko chini ya 65 535, itapita mtihani bila shida.

Dawa ni kupima mbele ya hesabu. Kataa kwanza urefu ulio chini ya zero. Weka kikomo. Na mbele ya kuzidisha, gawanya: usiulize kama idadi × ukubwa inapita kikomo, uliza kama idadi inapita kikomo ÷ ukubwa. Kugawanya namna hii hakujazi kitu.

Hii haiko ya ba-informatisie peke yao. Ku Arduino Uno, namba ya int inaishia 32 767, kwa hiyo hekta moja tu ya mahindi inageuka -12 203. Wewe unayetengeneza mashini ya kumwagilia, usiijaribu na data nzuri peke yake. Ipatie -1, 0, 32 767 na 32 768, uone inajibu nini, mbele mukulima hajaiamini na maji yake.