Makasi ya Rosemary Karuga

Mahindi ya Chepsaita, kama ya Uasin Gishu nzima, huondoka shambani kwa gunia na kurudi dukani yakiwa unga, ndani ya pakiti ya karatasi yenye rangi kali. Unga ukiisha, kwa wengi wetu pakiti hiyo ni ya kuwashia jiko. Rosemary Karuga aliikata akaifanya manyoya ya kuku, ngozi ya twiga, leso ya mwanamke.

Alizaliwa Meru, Kenya, mwaka 1928. Kuanzia 1950 hadi 1952 alisomea sanaa Makerere chini ya Margaret Trowell, na ndiye mwanamke wa kwanza kusoma katika shule hiyo ya sanaa. Baadaye akawa mwalimu, na kazi yake mwenyewe ikangoja miaka mingi. Alipoirudia katika miaka ya 1980, rangi na turubai zilikuwa ghali mno kwake. Nyumbani kulikuwa na pakiti za unga, karatasi za sabuni ya Rexona na magazeti yaliyokwisha kusomwa. Akaanzia hapo.

Kinachonishika kila nitazamapo kolaji zake ni ufundi wenyewe. Mchoraji wa rangi za mafuta akitaka kahawia iliyofifia, huchanganya. Karatasi haichanganyiki. Rangi ni ile iliyopigwa kiwandani, basi ukitaka kivuli chini ya bawa la kuku ni lazima ukisake: pengine kimejificha kwenye ukingo wa herufi, pale wekundu unapoingia weusi, kipande kisichozidi ukucha. Ukikipata, ukikate kifuate mlalo wa unyoya, ukipake gundi, ukilaze kando ya mwenzake. Gundi ikikauka, hakuna kufuta. Mtazamaji akisogea karibu huona vipande tu. Akirudi nyuma hatua mbili tatu, kuku anadonoa.

Ndiyo maana namweka karibu na Berthe Morisot, mwanamke aliyeshiriki maonyesho ya kwanza ya Waimpreshonisti jijini Paris mwaka 1874. Nao walipaka rangi kwa miguso mifupi, mmoja ubavuni mwa mwingine, wakaliachia jicho kazi ya kuziunganisha. Lakini Morisot alikuwa na brashi. Kivuli cha pazia kikimkataa, angeweza kupaka upya juu yake. Karuga alikuwa na makasi. Mimi naiona kazi ya makasi kuwa ngumu zaidi, na ningesema hivyo hata kama asingekuwa wa kwetu.

Ulimwengu ulimtambua akiwa mtu mzima sana. Alifanya kazi katika kituo cha sanaa cha Paa ya Paa, Nairobi, kwa mchoraji Elimo Njau. Akatengeneza picha za hadithi ya Amos Tutuola, The Palm-Wine Drinkard. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kazi zake zikaonyeshwa Studio Museum in Harlem, New York. Alifariki Ireland mwaka 2021, akiwa na miaka 92.

Siku hizi walimu wa shule za msingi huwaagiza watoto waje darasani na maboksi na makaratasi ya kufanyia sanaa. Natamani sana, kabla makasi hayajagawanywa, waonyeshwe picha moja ya Karuga na kuulizwa: wekundu huu ameutoa wapi? Waachwe waitafute hiyo pakiti wenyewe, na wasiharakishwe.