Jinsi Netflix Ilivyojigawa Isianguke Yote

Mwezi wa Agosti 2008 hifadhidata ya Netflix, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikikodisha filamu kwa diski za DVD zipelekwazo kwa posta, iliharibika, na kwa muda wa siku tatu wateja hawakuweza kupelekewa diski zao. Filamu hazikupungua ghalani, wala posta haikuwa na taksiri. Ila kwa kuwa shughuli zote zilitegemea hazina moja ya kumbukumbu, ilipougua hiyo, viungo vyote vililala.

Baada ya ajali hiyo Netflix iliazimia kuhamia kwenye seva za kukodi za Amazon. Wahandisi wake wangaliweza kuichukua programu yao kama ilivyo, lakini wangaliuchukua na udhaifu wake. Kwa hiyo walihiari kuijenga upya karibu yote, wakaigawa katika mamia ya huduma ndogo ndogo, kila moja na kazi yake, ipate kurekebishwa pasipo kuzigusa jirani zake. Kazi hiyo iliwashika miaka 7, ikatimia Januari 2016.

Lakini kugawa peke yake si salama. Maombi ambayo zamani yalikwisha ndani ya programu moja sasa husafiri katika mtandao, na huduma moja ikichelewa kujibu, wanaoingoja huchelewa, na wanaowangoja hao nao huchelewa, hata foleni ikaziba njia nzima. Dawa yao ilikuwa Hystrix, programu waliyoitoa kwa umma mwaka 2012, ifanyayo kazi mfano wa fyuzi ya umeme: huyahesabu makosa ya huduma inayoombwa jibu, yakipita kiasi huikata, na mwombaji hupewa jibu la badala. Huduma ya kuchagua filamu zimfaazo mtazamaji ikizimika, mtu huonyeshwa zile zipendwazo na wengi, akaendelea kutazama, aghalabu pasipo kujua kwamba kuna lililoharibika.

Tena hawakungoja ajali iwafunze. Walitunga programu iitwayo Chaos Monkey, izimayo seva zilizo kazini bila kuchagua, saa za kazi, wahandisi wakiwa macho, ili kila huduma izoee kufiwa na mwenzake.

Hapo ndipo ilipo siri ya ufundi huu, nami nawasihi wanaotaka kuuiga wasianze kwa kuhesabu vipande. Na waulize kwanza, kwa kila kipande: kikifa hiki sasa hivi, jirani yake atamjibu nini mteja? Asiye na jawabu hajaigawa programu yake. Amezidisha tu mahali pa kuvunjikia.